Asilimia ya Shule ya Msingi na Daftari Lake

Bwana Mhariri, muhula uliopita uliniomba niandike machache juu ya matokeo ya shule za msingi zinazotuletea wanafunzi wa kidato cha kwanza. Nimechelewa kutimiza ombi lako, na sababu ni kwamba ilinipasa kwanza niungame kosa langu mwenyewe. Na kuungama mbele ya wanafunzi si kazi nyepesi kwa mwalimu wa Hisabati.

Kosa lenyewe ni hili. Kila Januari, orodha ya watoto waliochaguliwa inapotufikia, nilikuwa na desturi ya kutazama matokeo ya Baraza la Mitihani na kuandika, pembeni ya jina la kila mtoto, asilimia ya waliofaulu katika shule aliyotoka. Aliyetoka shule yenye asilimia kubwa nilimtazamia mema. Aliyetoka shule yenye asilimia ndogo nilimweka moyoni katika fungu la watakaonisumbua, na aghalabu alijikuta ameketi nyuma. Nilifanya hivyo miaka kadhaa nisijiulize neno.

Mwaka jana, katika mkutano wa wazazi, mzee mmoja mkulima wa mpunga alisimama akasema: "Mwalimu, mtoto wangu uliye naye hapa ana mdogo wake, yuko darasa la tano katika shule ileile ya kijijini kwetu. Watu wananiambia ile ni shule mbovu, asilimia yake iko chini. Nimepata nafasi katika shule ya kulipia huko mjini, lakini karo yake itanibidi niuze nusu ya shamba. Nikiliuza, nitakuwa nimenunua nini?"

Nilifungua kinywa nimjibu, nikaona sina jibu. Nilimwambia, "Mzee, nipe muda." Yanayofuata ndiyo niliyoyapata katika muda huo.

Kwanza tuelewane juu ya hiyo asilimia yenyewe. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, ambao hadi sasa hufanywa na darasa la saba mwezi wa Septemba, una karatasi sita: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi, na Uraia na Maadili. Kila karatasi ina alama 50, jumla 300. Mtoto apataye 121 au zaidi amepata daraja la C kwenda juu, naye huhesabiwa amefaulu. Kwa hiyo yule mwenye 121 na yule mwenye 290 ni mtu mmoja mmoja katika asilimia ya shule, na yule mwenye 119 si kitu. Shule yaweza kuwainua watoto wake wengi kutoka 60 hadi 115, kazi kubwa ya kutoa jasho, na asilimia yake isisogee hata kidogo.

Tena asilimia hupimwa juu ya waliofika kwenye chumba cha mtihani. Hapo ndipo pana mtego. Nitatoa mfano wa kubuni, wanafunzi wangu wauhesabu. Tuseme shule ya kwanza iliandikisha watoto 80 darasa la kwanza, wakafika 40 kwenye mtihani, wakafaulu 36. Asilimia yake ni 90. Shule ya pili iliandikisha watoto 120, wakafika 110, wakafaulu 66. Asilimia yake ni 60. Mzazi yeyote atakimbilia ile ya kwanza. Lakini mtoto anayeingia darasa la kwanza leo ana matumaini gani? Katika shule ya kwanza waliofaulu ni 36 kati ya 80 walioanza, yaani 45 kwa mia. Katika shule ya pili ni 66 kati ya 120, yaani 55 kwa mia. Wale 40 waliopotea njiani katika shule ya kwanza hawamo katika hesabu yoyote. Wengine walihama na huenda wako salama kwingine. Wengine walishindwa upimaji wa darasa la nne, wakarudia darasa, wakakata tamaa.

Na shule ikiwa ndogo, asilimia yake huyumba kama mtumbwi. Yenye watahiniwa 15, kila mtoto ana uzito unaozidi 6 kwa mia. Wawili wakiugua homa juma lile la Septemba, shule imeanguka kwa zaidi ya 13. Baraza lenyewe lililifahamu jambo hili, ndiyo maana liliwahi kuzigawa shule makundi mawili katika kuzipanga, zenye watahiniwa 40 au zaidi na zenye pungufu ya hapo. Na tangu Januari 2023 limeacha kutangaza orodha ya shule kumi bora na watahiniwa kumi bora. Baadhi ya wenzangu walinung'unika. Mimi pia nilinung'unika wakati ule, sasa sinung'uniki.

Jambo hili laonekana vizuri zaidi tukiitazama nchi nzima. Mwaka 2006 watoto waliofanya mtihani wa darasa la saba walikuwa zaidi ya 664,000, na waliofaulu walikuwa zaidi ya 468,000, yaani 70.5 kwa mia. Mwaka 2008 asilimia ilikuwa 52.7. Mtu akisoma namba hizo mbili tu atasema elimu ilianguka katika miaka miwili. Walakini mwaka 2008 waliofanya mtihani walizidi 1,017,000, na waliofaulu walikuwa zaidi ya 536,000. Asilimia ilishuka, lakini watoto waliofaulu waliongezeka kwa zaidi ya 60,000!

Walitoka wapi hao wote? Serikali ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 2001, na Januari 2002 watoto walimiminika darasa la kwanza, miongoni mwao wengi waliokwisha kupita umri wa kuanza. Shule za msingi za nchi nzima, zilizokuwa na watoto wapatao milioni 4.4 mwaka 2000, zilikuwa na zaidi ya milioni 8 mwaka 2007. Wale wa Januari 2002 ndio waliofika darasa la saba mwaka 2008. Ndani yao walikuwamo watoto ambao kaka zao na dada zao hawakupata kukanyaga darasani. Siwezi kudai kwamba hilo ndilo lililoshusha asilimia peke yake, maana walimu na vitabu havikuongezeka kwa kasi ya watoto, na mtoto wa zamani aliyekuwa na dawati sasa alilishiriki na wengine au akaketi sakafuni. Lakini kumlinganisha yule wa 2006 na yule wa 2008 kama kwamba ni watoto wa namna moja, si haki.

Kadhalika mtihani wenyewe hubadilika. Mwaka 2011 walifaulu 58.3 kwa mia, mwaka 2012 wakafaulu 30.7, na mwaka 2013 wakapanda tena hadi 50.6. Watoto wa nchi hii hawakupumbaa mwaka mmoja na kuerevuka mwaka uliofuata. Mwaka 2012 ndipo watahiniwa walipoanza kujibu kwa kusiliba katika fomu maalumu zinazosahihishwa na mashine, na mambo mengine ya mtihani yalikuwa yakibadilika pia. Basi mtu anayeshika asilimia ya shule moja kwa mwaka mmoja na kuitolea hukumu, ameshika mkia wa ng'ombe gizani na kusema amemwona ng'ombe.

Sasa nirudi bondeni kwetu. Baada ya mkutano ule nilipanda baiskeli Jumamosi moja, nikaenda kumwona mwalimu mkuu wa shule ya yule mzee. Alinipokea vizuri, akanipa maji na kiti, kisha akaniuliza bila kuficha: "Umekuja kutucheka?" Nilimwambia nimekuja kujifunza. Akanitolea daftari la uandikishaji na madaftari ya mahudhurio, akaniacha nayo chini ya mwembe hadi saa tisa. Sitataja namba zilizomo, maana ni mali ya shule hiyo na hawakunituma kuzitangaza. Nitaeleza tu aina ya mambo niliyoyaona, ambayo kila mkazi wa bonde la Kilombero atayatambua.

Katika daftari la mahudhurio, toka Januari hadi Machi, alama za waliohudhuria zimejaa ukurasa. Kisha mpunga unaanza kutoa masuke, na kurasa zinatoboka. Wakulima wetu, kama mjuavyo, hawalimi mlangoni pa nyumba. Mashamba ya mpunga yako mbali huko mbugani. Familia huhamia huko wakati wa masika, hujenga kibanda na dungu, na watoto ndio waamiao ndege tangu alfajiri hadi jua linapozama. Mto ukifurika, hata yule aliyetaka kurudi shuleni hawezi kuvuka. Kufikia Juni na Julai mpunga umevunwa na watoto wanarudi, wamepitwa na sehemu nzima ya mwaka. Mtoto wa namna hii, kwa miaka saba, amesoma kama mitano.

Linganisha na shule zilizo karibu na kiwanda cha sukari huko Kidatu, au za mjini Ifakara. Mtoto wa mfanyakazi wa kiwandani au wa reli ya TAZARA hulala nyumbani kwao mwaka mzima; baba ana mshahara wa mwezi, haihitaji mikono ya mtoto ili apate chakula. Walimu wa pande zote mbili wametoka vyuo vilevile, wanafundisha mtaala uleule kwa chaki ileile. Tofauti ya asilimia ikitokea, kiasi gani ni ya walimu na kiasi gani ni ya mpunga?

Daftari la uandikishaji nalo lilikuwa na habari zake. Kulikuwa na neno "amehama" katika kurasa nyingi. Bonde letu ni la Wandamba na Wapogoro, lakini kwa miaka mingi wamehamia wafugaji, wengi wao Wasukuma, pamoja na wakulima kutoka kila upande. Mwaka 2012 serikali ilipoanza kuondoa mifugo iliyozidi bondeni, familia nyingi zilikwenda na ng'ombe wao, na watoto wakafuata. Mtoto wa mfugaji aingiapo darasa la kwanza, aghalabu lugha ya nyumbani kwao ni Kisukuma, na Kiswahili anakijua cha kuombea maji tu. Mwalimu wa darasa la kwanza ana kazi mbili kwa huyo: kumfundisha lugha, na kumfundisha kusoma kwa lugha hiyo. Na serikali inapanga watoto 45 kwa mwalimu mmoja, lakini nani asiyejua darasa la kwanza la kijijini lenye watoto 100 na zaidi?

Jambo jingine nililoliona lilinifurahisha. Katika kurasa za zamani wavulana walikuwa wengi. Katika kurasa za karibuni wasichana wamewazidi. Hali ni hiyo katika nchi nzima: mwaka 2024 wasichana walikuwa zaidi ya nusu ya watahiniwa wa darasa la saba. Mwalimu mkuu aliniambia kwamba sasa wanaopotea zaidi ni wavulana, wanaokwenda kuchunga na kubeba matofali. Hilo nalo halimo katika asilimia.

Hapo nilikuwa karibu kujiridhisha kwamba mambo yote ni ya nyumbani, na shule haina lawama. Lakini mwenzangu mmoja afundishaye Uraia aliniazima maandishi yaliyonitia akili. Mwaka 1966 huko Marekani mtaalamu wa elimu ya jamii, James Coleman, pamoja na wenzake, walitoa taarifa kubwa iliyohusu zaidi ya wanafunzi 600,000 katika shule zipatazo 4,000. Serikali ya kule ilitazamia kuonyeshwa kwamba watoto weusi wanashindwa kwa sababu shule zao zina majengo na vifaa duni. Taarifa ilisema jambo ambalo hawakulitazamia: tofauti za alama zilifuatana zaidi na hali ya nyumbani kwa mtoto, na hali ya wanafunzi wenzake, kuliko majengo na vifaa. Watu wengi wakaichukua taarifa hiyo wakasema, kumbe shule si kitu.

Jibu moja kwa maneno hayo lilitoka kwa jirani zetu. Mmarekani mwingine, Stephen Heyneman, alipima wanafunzi wa shule za msingi za Uganda katika miaka ya 1970, na matokeo aliyoyatoa mwaka 1976 yalikuwa kinyume. Kule Uganda, utajiri na elimu ya wazazi vilifuatana kidogo tu na alama za mtoto. Shule yenyewe ilikuwa na uzito zaidi. Mwaka 1983 yeye na William Loxley walilinganisha nchi 29, wakaona kwamba kadiri nchi ilivyokuwa maskini ndivyo shule na mwalimu walivyokuwa na uzito zaidi katika alama za mtoto. Sababu si vigumu kuiona. Mahali ambapo karibu nyumba zote hazina kitabu, mtoto anayekipata kitabu shuleni amepata alichokosa kila mtu. Wataalamu waliorudia kazi hiyo baadaye waliona kwamba tofauti hiyo kati ya nchi maskini na tajiri imepungua, maana na katika nchi zetu sasa wako wazazi wanaonunua vitabu, wanaolipia masomo ya jioni, na wengine wasioweza. Nyumba zimeanza kutofautiana.

Kwa hiyo mwalimu hawezi kujificha nyuma ya daftari, akisema, "Hawa ni watoto wa wakulima, nifanyeje?" Mwaka 2010 shirika la Uwezo lilipokwenda nyumba kwa nyumba kupima watoto wetu, lilikuta kwamba kati ya watoto kumi wa darasa la tatu ni watatu hivi walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Watatu! Mpunga peke yake hauwezi kubeba lawama hiyo, maana si nchi yote inalima mpunga. Mtoto aliyekuwepo darasani na asijue kusoma, hilo ni letu sisi walimu, na ni la wale wanaotakiwa kutupa vitabu na kupunguza msongamano.

Nilipomaliza haya nilimwandikia yule mzee barua. Sikumwambia auze shamba wala asiuze, kwa kuwa shamba si langu. Nilimwomba aende kwa mwalimu mkuu aulize mambo manne: wa darasa la saba wa mwaka huu walikuwa wangapi walipoanza darasa la kwanza, mtoto wake amekosa siku ngapi mwaka huu, na miezi gani, katika darasa lake ni nani anayefundisha Hisabati na Kiingereza, na je, yupo kila siku, na mtoto mwenyewe, akipewa ukurasa wa kitabu asichokiona kabla, anausoma? Nilimtaka la mwisho alifanye yeye mwenyewe nyumbani, hata kama hajui kusoma. Kaka yake amsikilize.

Alikuja siku ya kufunga shule, akaniambia majibu. Mtoto anasoma vizuri. Mwalimu wa Hisabati yupo na ana sifa. Wa Kiingereza alihamishwa tangu Machi na hajapatikana mwingine. Na siku alizokosa mtoto, mzee alizisema kwa sauti ya chini: karibu zote ni za kuamia ndege katika shamba lile lile alilotaka kuliuza ili amsomeshe.

"Basi umeamuaje, mzee?" nilimuuliza.

Akasema masika yajayo mtoto atabaki kijijini kwa bibi yake, naye atamlipa kijana wa kuamia ndege kwa debe mbili za mpunga. Kuhusu Kiingereza, wazazi watano wamekubaliana kumwendea afisa elimu wa kata, na wakishindwa watamwendea wa wilaya. Aliniuliza kama naweza kumtoa mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu akawasaidie watoto wale wakati wa likizo. Wamejitokeza wawili, na mmoja wao ni mtoto niliyemkalisha nyuma mwaka alipoingia.

Orodha ya Januari bado naipokea kama wengine. Asilimia siziandiki tena pembeni ya majina. Mahali pake naandika, baada ya kumuuliza mtoto mwenyewe, miezi ambayo hakuwa shuleni alipokuwa darasa la saba, na kwa majuma mawili ya kwanza tunaanzia hapo.